Dokta wa Meza ya Chai

Mjini Doha siku ya mapumziko ni Ijumaa. Hata Wakristo huenda kanisani Ijumaa, kwa maana Jumapili kila mtu yuko kazini. Kwa hiyo kila Ijumaa Fiona Nyaboke aliamka mapema katika fleti yao ya Al Wukair, akachemsha chai ya maziwa, akapiga pasi gauni lake, kisha akakaa mezani na kitabu cha baiolojia mpaka basi la kanisa lilipopiga honi kule chini. Mama yake, Peninah, alikuwa muuguzi katika hospitali ya serikali, na kila Ijumaa alikuwa na zamu. Asubuhi hiyo ya mwezi wa Mei alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu vyake vyeupe.

“Ukitoka kanisani rudi moja kwa moja,” alisema. “Mtu hapiti mtihani kwa maombi peke yake.”

“Sawa, Mama.”

“Na yale matokeo, bado tu?”

“Bado, Mama.”

Huo ulikuwa uongo. Fiona alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisoma yale masomo ya sayansi ambayo mtu lazima ayamalize kabla ya kuingia shule ya udaktari. Mwezi wa Machi alifanya mtihani wa kujiunga na shule hiyo. Majibu yalikuwa yamekwisha kufika kwenye kompyuta yake, na yalikuwa mabaya. Siku alipoyasoma aliingia bafuni, akafungua bomba la maji ili mama asimsikie, akalia mpaka macho yakavimba. Nafasi ya kurudia ilikuwa moja tu, mwezi wa Septemba. Hakumwambia mtu yeyote.

Na angemwambia nani? Sisi watu wa Afrika Mashariki tuna mtindo wetu. Mtoto akianza kusomea ualimu leo, kesho yake ni Mwalimu. Akianza kusomea sheria, ni Wakili. Tunampa mtu cheo kwanza, kazi itamkuta mbele ya safari. Tangu Fiona apate nafasi chuoni, Wakenya na Waganda waliosali pamoja naye walikuwa wakimwita Dokta. Aliyeanza ni Wairimu, mama mnene mwenye sauti ya kengele, ambaye wiki nzima alifua mashuka ya hoteli na siku ya Ijumaa alishika birika la chai baada ya ibada.

“Dokta wetu amefika!” Wairimu alikuwa akipaza sauti. “Mpisheni Dokta!”

Basi watu wakampisha. Wengi wao walikuwa walinzi, madereva na wafanyakazi wa nyumbani. Wengine kadi zao za matibabu zilikuwa bado hazijatoka. Wengine walikuwa nazo, lakini waliogopa kuonekana wagonjwa, kwa maana mfanyakazi mgonjwa huenda akakatiwa tiketi ya kurudi kwao. Kwa hiyo walileta maradhi yao kwenye meza ya chai. Huyu mgongo, yule kikohozi, mwingine macho yanawasha kwa vumbi.

Mwanzoni Fiona alijibu kwa woga. Kunywa maji mengi. Pumzika. Usikune. Watu wakapona, kama watu wengi wanavyopona hata bila kuambiwa lolote, na sifa zote zikamwendea yeye. Waliosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji hawakukosea. Kufikia mwezi huo wa Mei, Dokta alikuwa na kiti chake maalumu mwisho wa meza, na alikuwa amejifunza kuinamisha kichwa na kusema “mmh” kwa namna ya watu wazito. Mama yake, aliyekuwa kazini kila Ijumaa, hakujua habari za kiti hicho.

Tena, baada ya yale majibu mabaya, Fiona alikipenda kiti hicho kuliko zamani. Chuoni alikuwa msichana aliyeanguka. Hapa, kati ya maandazi na vikombe vya plastiki, alikuwa bado daktari.

Siku hiyo mtu wa mwisho kumjia alikuwa Silvesta Oloo, mlinzi wa lango kwenye jengo lililokuwa likijengwa Lusail. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenyeji wa Ugenya, na watu walimwita Baba Akinyi kwa jina la binti yake aliyebaki nyumbani.

“Dokta, leo nami nina langu,” alisema.

“Niambie, Baba Akinyi.”

“Ni kiu, binti yangu. Maji ya kibandani nayamaliza peke yangu, wenzangu wanabaki kunung’unika. Halafu msalani nako ni kwenda na kurudi. Sapavaiza, yule msimamizi wetu, ameniuliza kama nimehamia huko!”

Watu wakacheka. Silvesta naye akacheka, kisha akavuta mshipi wake ili Fiona aone jinsi suruali ilivyompwaya.

“Nimekonda. Nguvu hakuna. Na hiki kidole cha mguu kilichubuliwa na buti tangu Pasaka, mpaka leo hakijapona.”

Kiu. Mkojo. Kukonda. Kidonda kisichopona. Kitu fulani kilibisha hodi akilini mwa Fiona. Mambo hayo alikuwa ameyasoma mahali fulani, yote manne pamoja, tena si zamani. Lakini wapi? Alijaribu kuukumbuka ukurasa, ukamkimbia. Akainua macho akamwona Wairimu amesimama na birika, anangoja kusikia. Watu wote walikuwa wanangoja. Fiona angeweza kusema, “Sijui, Baba Akinyi, nenda hospitali.” Neno hilo lilimfika mdomoni. Lakini aliyakumbuka yale majibu ya mtihani, akaona kwamba akisema hajui, basi hata hapa atakuwa msichana aliyeanguka.

Akamvuta Silvesta kando ya meza, kama daktari anayetunza siri ya mgonjwa. “Ni joto tu,” alimnong’oneza. “Lusail hakuna kivuli. Mwili unapoteza maji na nguvu. Nunua glukosi, ile ya unga. Koroga vijiko vikubwa kwenye maji, unywe asubuhi, mchana na jioni. Kidonda kioshe kwa chumvi, kitakauka.”

“Kwa hiyo si lazima niende hospitali?” Silvesta aliuliza, na aliuliza kama mtu anayeomba aambiwe hapana.

“Hakuna haja.”

Uso wa Silvesta ukang’aa. Glukosi! Nani kati yetu hakulelewa na kopo la glukosi? Mtoto akiugua malaria, glukosi. Wachezaji wakipumzika nusu ya mchezo, glukosi. Mama akitoka kujifungua, glukosi. Silvesta hakutia shaka, na Wairimu, aliyeuona uso huo tu bila kuisikia dawa, alimwongezea Dokta andazi.

Ijumaa iliyofuata Silvesta alikuja na karanga za kukaanga ndani ya mfuko, zawadi kutoka nyumbani kwake.

“Dawa inafanya kazi,” alimwambia Fiona. “Nikishainywa naona mwili umepata moto.”

Fiona alizila karanga zile akiwa anasoma. Ijumaa iliyofuata Silvesta hakuja. Watu walisema amepangiwa zamu, na Fiona hakuuliza zaidi.

Kisha ikaja Jumanne. Fiona alikuwa maktabani chuoni, adhuhuri, wakati simu yake ilipotetemeka juu ya meza. Alitoka nje ya mlango ndipo akapokea.

“Dokta Fiona? Ni Collins hapa, yule tunalinda lango na Silvesta. Tunakaa naye chumba kimoja pia, kule kambini.” Sauti ilikuwa ya kijana, tena ilikuwa na hofu. “Mzee amelala hapa kibandani, namwamsha haamki vizuri. Anapumua mbio mbio kama mtu ametoka kukimbia. Na mdomo wake unanuka, si pombe, unanuka matunda. Kama ndizi zimeiva mpaka zikaoza. Nimeshakoroga glukosi, nimpe?”

Ukurasa uliokuwa umemkimbia Fiona ulirudi wote kwa mara moja. Pumzi yenye harufu ya matunda. Kiu, mkojo, kukonda, kidonda. Kisukari! Mwili wa Silvesta ulikuwa umeshindwa kuitumia sukari, sukari ikajaa katika damu yake, na yeye Fiona alikuwa amemwongezea nyingine, vijiko vikubwa, asubuhi, mchana na jioni.

“Usimpe!” alipiga kelele hata watu waliokuwa wakipita wakageuka. “Collins, usimpe chochote! Piga simu 999, waambie waje sasa hivi!”

“Lakini sapavaiza akijua Mzee ni mgonjwa—”

“Mwache ajue! Mimi si daktari, Collins. Sijui kumtibu. Piga!”

Collins alipiga. Ambulensi ilifika, na Silvesta hakufa. Fiona alikuwa amelisema lile neno hatimaye, lakini alilisema likiwa limechelewa.

Ijumaa ilipofika, hakukuwa na kicheko kwenye meza ya chai. Wairimu alikuwa ametoka kumwona Silvesta hospitalini siku iliyotangulia, na alisimulia huku akijipangusa macho kwa ncha ya kitambaa chake.

“Wamemkata mguu,” alisema. “Chini ya goti. Kile kidonda kilikuwa kimeoza mpaka ndani, na yeye hakusikia maumivu, huo ugonjwa unaua hata maumivu. Mtu ameingia nchi hii na miguu miwili! Na kumbe ni kisukari, na kumbe huyo Collins alikuwa anamnywesha glukosi kila siku. Nurse ameniambia glukosi kwa mtu wa kisukari ni kama kumwaga petroli kwenye moto.”

“Collins alijuaje?” mtu mmoja aliuliza.

“Hakujua, ndiyo nasema! Hajui na anajifanya anajua! Mwenyewe amekubali mbele ya sapavaiza kwamba ni yeye alimpa.”

Fiona alikuwa ameshika kikombe. Chai ilimwagikia vidole na hakusikia moto wake. Wakati huohuo Collins mwenyewe aliingia ukumbini, kijana mwembamba aliyevaa sare ya ulinzi, kofia mkononi. Alikaribia meza. Wairimu alilichukua birika akaenda nalo upande wa pili, na hakuna mtu aliyemmiminia Collins chai. Kijana alisimama kidogo, akatazama vikombe, kisha akatoka. Fiona akamfuata mpaka uani, kwenye kipande cha kivuli kando ya ukuta.

“Kwa nini umesema ni wewe?” alimuuliza. “Si unajua ni nani aliyemwambia anywe glukosi?”

“Najua. Silvesta aliniambia siku ile ile aliponituma dukani.” Collins aliizungusha kofia yake. “Sasa ulitaka niseme nani, Dokta? Sikiza. Mimi ni soja. Soja akienda, wanaleta mwingine, hata lango halijui tofauti. Wewe ndiye daktari wetu. Jina lako likichafuka, hiyo shule itakuchukua kweli? Halafu sisi tutabaki na nani?”

“Na kampuni watakufanya nini?”

“Nimeitwa ofisini Jumapili. Pengine ni tiketi.” Alijaribu kutabasamu. “Khalas, Dokta, yamepita. Wewe soma tu. Usituangushe.”

Fiona alifungua mdomo amwambie kwamba alikwisha kuwaangusha zamani, tangu siku aliyofungua bomba la bafuni. Collins akavaa kofia yake akaondoka kuelekea kwenye basi la kampuni. Fiona alibaki pale ukutani, na moyo wake ulimuuma kuliko siku zote za maisha yake. Kijana huyu alikuwa anajitoa kafara kwa ajili ya daktari ambaye hayupo.

Alasiri hiyo mama aliporudi kutoka zamu alimkuta Fiona jikoni, amekaa bila kufanya lolote. Sukuma wiki ilikuwa bado haijakatwa.

“Unaumwa?” Peninah aliuliza.

“Mama, ni mimi niliyemwambia Silvesta anywe glukosi.”

Akasimulia yote. Alisimulia kuhusu kiti cha mwisho wa meza, kuhusu karanga, kuhusu Collins. Mama alisikiliza akiwa amesimama na mkoba wake begani.

“Kwa nini hukunipigia simu siku ile?” Peninah aliuliza hatimaye. “Ningekuambia kabla chai yake haijapoa.”

“Ungejua kwamba sijui.”

“Na kutojua ni kosa? Uko mwaka wa pili, Fiona. Nani alikudai ujue?”

Kisha mama akauliza swali jingine kwa sauti ya chini.

“Matokeo yako?”

“Nilianguka, Mama. Yalitoka zamani.”

Peninah aliuweka mkoba juu ya meza akaketi.

“Kesho tutakwenda hospitalini kwa Silvesta,” alisema baadaye. “Jumapili tutakwenda kwenye kampuni ya kina Collins. Utasema wewe mwenyewe. Mimi nitakaa kando yako, lakini mdomo utakuwa wako.”

Silvesta alikuwa amelala karibu na dirisha. Shuka lilikuwa limeinuka upande mmoja na kulala chini upande mwingine, na Fiona hakuweza kutazama mahali palipolala. Alimwambia kila kitu akiwa amesimama. Silvesta alimsikiliza huku akitazama dari.

“Nisamehe, Baba Akinyi,” Fiona alimaliza.

“Ngoja nikuambie nami yangu,” Silvesta alisema polepole. “Hapo kanisani kuna wauguzi wawili, mbali na mama yako. Nilikuwa najua. Sikuwauliza hao. Nilijua wangeniambia twende hospitali, na hospitali nilikuwa naiogopa. Nilikuja kwako kwa sababu nilijua wewe utaniambia nisiende.”

Mficha maradhi kifo humuumbua, hivyo ndivyo wahenga walivyosema. Silvesta alikuwa ameyaficha yake nyuma ya msichana wa mwaka wa pili.

“Nikilala hapa,” aliendelea, “najifariji. Najiambia, sawa, mguu umekwenda, lakini yule mtoto amejifunza, na siku moja atakuwa daktari mkubwa, atasema kulikuwa na mtu mmoja wa Ugenya. Mtihani wako ulipita, eti?”

Hapo ndipo Fiona alipotamani kudanganya kuliko siku zote. Uongo huo ungekuwa mtamu kwao wote wawili. Alimwangalia mama yake. Mama alikuwa anatazama sakafu.

“Nilianguka, Baba Akinyi. Hata siku uliyoniuliza, nilikuwa nimeshaanguka.”

Silvesta aligeuza uso wake akautazama ukuta, na hakuugeuza tena mpaka walipotoka.

Siku ya Jumapili mkuu wa kampuni aliwasikiliza nyuma ya meza kubwa ya kioo. Collins alikuwa amesimama kando, na Fiona alipoanza kusema, Collins alitikisa kichwa kumkataza. Fiona hakunyamaza. Alieleza kwamba ushauri ulikuwa wake na kwamba Collins alitumwa dukani tu.

“Na wewe ni nani hasa?” mkuu aliuliza. “Daktari?”

“Hapana. Ni mwanafunzi.”

Mkuu alimtazama kama mtu anayetazama kitu kilichookotwa mchangani. Mwishowe alisema Collins hatarudishwa kwao, ila atahamishiwa ghala moja huko Umm Salal. Nje ya ofisi Collins hakushukuru, wala hakukasirika.

“Kwa hiyo hakuna Dokta,” alisema.

“Hakuna, Collins.”

“Ungetuambia mapema,” alisema Collins, akaenda zake.

Jambo lililobaki lilikuwa meza ya chai. Ijumaa iliyofuata Fiona hakukalia kile kiti. Alisimama nyuma yake, akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, akawaambia watu wote kwamba Collins hana hatia, kwamba glukosi ilikuwa neno lake yeye, na kwamba mtihani wa udaktari alikuwa ameanguka. Wairimu aliliweka birika chini.

“Mimi nilikusifu mpaka kwa watu wa Nyeri ambao hata hawakujui,” alisema, na sauti yake ya kengele ilikuwa imepasuka. “Mimi!”

Akakichukua kile kiti akakirudisha pamoja na vingine ukutani. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Fiona Dokta, wala hakuna aliyemmiminia chai. Collins alipokuja, Wairimu alimpa kikombe kilichojaa mpaka ukingoni na maandazi ndani ya karatasi.

Silvesta alirudishwa Kenya mwezi wa Julai. Fiona na mama yake walikwenda uwanja wa ndege kumuaga. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, na mguu mmoja wa suruali ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini. Fiona alimpa kifurushi cha nguo alizomnunulia Akinyi. Silvesta alikipokea akakiweka mapajani.

“Kazi ya kukaa itapatikana,” alisema, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyeamini. Kisha mhudumu akamsukuma mpaka kwenye mlango wa abiria, ukafunguka na kufungwa.

Labda msomaji anatazamia kwamba Fiona alisoma kwa bidii kiangazi chote, na Septemba akafaulu. Alisoma kwa bidii kweli. Alisoma mpaka mama akawa anamnyang’anya kitabu ili ale. Lakini majibu yalipokuja, alikuwa amepanda kidogo tu, na kidogo hakikutosha. Mlango wa shule ile ya udaktari ulifungwa. Safari hii hakwenda bafuni. Aliigeuza kompyuta ili mama yake asome.

Peninah alisoma, akavua miwani yake. Jua la jioni lilikuwa limefika kwenye meza ya jikoni.

“Sasa nitakuwa nani, Mama?” Fiona aliuliza.

“Sijui,” alisema mama yake.

Fiona alishtuka. Hakuwahi kumsikia mama yake akisema hivyo.

“Umeshangaa? Nimekuwa muuguzi tangu hujazaliwa, na kila wiki nawasikia madaktari wenye mvi wakisema neno hilo. Mmoja anamtazama mgonjwa, anasema, ‘Sijui, mwiteni mwenzangu.’ Hakuna anayewacheka. Wagonjwa wengi wanarudi kwao wazima kwa sababu mtu fulani alikubali kusema hajui. Wewe ulilionea aibu mbele ya birika la chai.” Peninah alishika mkono wa binti yake. “Udaktari unaweza kukukataa, mwanangu, na mtu akaishi. Malizia shahada yako, tutaona. Lakini uwe mwalimu, uwe karani, uwe mama wa nyumbani, usimpe mtu jibu ambalo huna. Sifa ulizopewa zilikuwa za bure, lakini Silvesta ndiye aliyezilipia.”

Fiona alilia, na mama yake hakumwambia anyamaze.

Ijumaa iliyofuata, baada ya ibada, Fiona alikuwa amesimama peke yake karibu na mlango wa ukumbi akingoja basi. Wairimu alimjia, akatazama huku na huku, akashusha skafu yake. Shingoni, chini ya taya, kulikuwa na uvimbe mdogo kama punje ya hindi.

“Najua wewe si daktari,” Wairimu alisema haraka. “Lakini si umesoma soma? Niambie tu kwamba si kitu. Ni jino, sivyo?”

Alikuwa na macho yale yale ya Silvesta, macho ya mtu anayeomba aambiwe hapana. Fiona aliuangalia uvimbe ule.

“Sijui, Auntie,” alisema.

“Ati hujui?”

“Sijui. Lakini kesho Mama hana zamu. Tutakupitia asubuhi twende kliniki, tukae foleni pamoja nawe mpaka mwisho.”

Lilikuwa neno fupi sana. Wala feni ya ukumbi haikusimama, wala watu hawakugeuka. Fiona alifikiria jinsi ambavyo lingetosha siku ile ya Mei. Wairimu alisimama akiwa ameuma mdomo, mkono wake ukiwa shingoni. Kisha akarudi mezani, akachukua kikombe, akamimina chai, akamletea.

“Kesho asubuhi, basi,” alisema. “Kunywa, Fiona.”